Chuma ambacho hatukukialika: shajara ya elektrodi ya hewa

3 Machi 2025

Nanotyubu, yaani vimirija vyembamba mno vya kaboni, zimefika. Gramu 25 ndani ya chupa nyeupe ya plastiki, na ukifungua kifuniko unaona masizi tu. Fundi wetu wa maabara, ambaye sote tunamwita Mzee, aliipima chupa kwa kiganja akaniuliza, "Mwanangu, hela yote ile ndiyo masizi haya?" Nilicheka, lakini swali lake lina haki. Kwa macho hayana tofauti na yale ya kwenye sufuria ya kuni.

Nieleze kazi yenyewe mara moja ili nisirudie huko mbele. Tunatengeneza elektrodi ya hewa kwa ajili ya betri ya zinki na hewa. Upande mmoja kuna bamba la zinki. Upande wa pili hakuna kemikali iliyofungiwa, kuna hewa hii hii tunayovuta. Zinki inatoa elektroni, oksijeni inazipokea, na katikati kuna maji ya potashi kali, yaani KOH. Vibetri vya vifaa vya kusaidia kusikia vinafanya kazi hivyo: unabandua kile kikaratasi, hewa inaingia kwenye vitundu, betri inaamka. Zinki ni ya bei nafuu, inakaa ndani ya maji bila kushika moto, na kwa hesabu ya kitabuni jozi hii inatoa volti 1.65.

Anayetuchelewesha ni oksijeni. Ni goigoi. Atomi zake mbili zimeshikana sana, na kuziachanisha bila msaada kunakula volti nyingi njiani. Platinamu huisaidia vizuri, ila kwa bei ya platinamu hakuna haja ya kuzungumzia betri ya mtu wa kawaida. Sisi tunataka chembe ndogo za oksidi ya kobalti zikae juu ya nanotyubu. Oksidi ya kobalti peke yake haipitishi umeme kwa raha, na mrija wa kaboni unapitisha. Mirija ikirundikana inaacha matundu kama kichaka, hewa na maji vinapita.

Mrija wenyewe ni tabaka la grafiti lililoviringishwa kama mkeka. Hii yetu ni mikeka ndani ya mikeka, upana wa nanomita 10 hadi 20. Sifa za ugunduzi hupewa Sumio Iijima, kwa makala yake ya 1991 kule Japani, ingawa Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walishachapisha picha za nyuzi za kaboni zenye uwazi ndani mwaka 1952. Jarida lao lilikuwa la Kirusi, na enzi zile ni nani nje ya Urusi alikuwa analisoma?

Tumevaa barakoa na glavu. Vumbi hili si la kuvuta.

6 Machi

Tindikali. Gramu 5 za nanotyubu, mililita 300 za asidi nzito ya nitriki, nyuzi 120, saa 6, na kondensa juu ili mvuke ukipanda urudi chini. Lengo ni kuzijeruhi kidogo. Ukuta wa mrija msafi ni kama bati lililopakwa mafuta, hakuna kinachoshika. Asidi inauchokoa na kuacha vikundi vya oksijeni, na hapo ndipo kobalti itapata pa kukalia. Ukizidisha, unaikata mirija vipande na umeme unakosa njia.

Moshi wa kahawia ulianza dakika ya ishirini. Kabati la mvuke lilivuta vizuri leo, maana feni yake ina siku zake. Mzee amefunga Ramadhani, akakaa mbali na harufu, akawa ananitajia saa kutoka mlangoni.

10 Machi

Siku nne za kuosha. Hakuna aliyeniambia kwamba kemia ya nanotyubu ni kazi ya kufua. Karatasi ya chujio inaziba, maji yanashuka tone baada ya tone, na kila nikipima bado kuna asidi. Lita 11 za maji yaliyokenekwa zimeondoka.

Ila nimeona kitu cha kupendeza. Nilichukua mirija miwili ya kioo yenye maji. Kwenye wa kwanza nikatia punje ya nanotyubu kama zilivyotoka chupani: zikaelea juu, zikakusanyika ukingoni, zikakataa kulowa hata nilipotikisa. Kwenye wa pili nikatia zilizopita kwenye asidi. Zilishuka, zikasambaa, maji yakawa wino. Tangu jana asubuhi wino ule haujatuama. Kama hukuwa unaamini kwamba ukuta wa mrija umebadilika, hapo unaamini bila mashine yoyote.

14 Machi

Naitrojeni. Tumechanganya nanotyubu zilizooshwa na urea, ndugu wa ile ya gunia la mkulima, ila hii ni ya chupa ya maabara. Tanuri la bomba, nyuzi 800, saa moja, argoni, gesi isiyounguza kitu, ikipita muda wote. Atomi za naitrojeni zinaingia kwenye wavu wa kaboni na kuuvuruga kidogo, oksijeni inapata mahali pa kushika. Msingi wa hatua hii ni kazi ya Liming Dai na wenzake, iliyotoka kwenye jarida la Science mwaka 2009: nanotyubu zilizosimama wima, zenye naitrojeni, zikishindana na platinamu ndani ya KOH. Baadaye nitamtaja Dai mwingine, Hongjie, ambaye kazi nitakazozitaja alizifanya Stanford. Ni watu wawili tofauti, na mimi mwenyewe niliwachanganya mwaka mzima.

Unga umetoka mweusi, mkavu, uzito umepungua kidogo. Hakuna la kusimulia.

20 Machi

Siku ya kwanza ya kupima, na asubuhi yote imeliwa na tone moja.

Wino: miligramu 5 za unga, mililita 1 ya maji na alkoholi, kidogo cha Nafion kama gundi, nusu saa kwenye beseni la mitetemo. Kisha mikrolita 8 zinawekwa juu ya kitufe cha kaboni ya kioo chenye kipenyo cha milimita 5, ukubwa wa choroko. Hiyo inatoa takriban miligramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba. Kazi ya dakika mbili, ukidhani. Lakini kwenye joto hili la Dar na feni ya darini ikizunguka, tone linakauka kwa haraka, wino unakimbilia ukingoni, katikati panabaki wazi. Umepata alama ya kikombe cha kahawa mezani. Utando wa namna hiyo ukiupima unapata namba, na namba ni ya uongo. Nilifuta mara tano. Mwisho nikazima feni, nikafunika kitufe kwa bika, nikavumilia jasho. Utando ukatoka mweusi sawasawa hadi pembeni.

Kitufe kinazungushwa mara 1,600 kwa dakika ndani ya KOH iliyojaa oksijeni, ili oksijeni ifike kwa kasi tunayoijua, kisha tunashusha volti taratibu na kusoma mkondo. Tunaangalia volti ya nusu mkondo, pale mkondo unapofika nusu ya kilele chake. Ikiwa juu, kichocheo, yaani kile kinachoisaidia oksijeni, kinafanya kazi kwa hasara ndogo. Zote napimia kwa rejea ya hidrojeni, yaani volti ya hidrojeni ndiyo sifuri yangu.

Platinamu ya dukani, asilimia 20 juu ya kaboni: volti 0.86. Nanotyubu zilizotoka kwenye asidi tu: 0.68. Zenye naitrojeni: 0.80.

Sufuri nukta nane! Bila metali hata moja! Nimempigia simu Dokta, msimamizi wetu, na Dokta hapokei simu saa za kufuturu, nikatuma ujumbe wenye alama tatu za mshangao.

Ya kukumbuka: elektrodi ya pili ni fimbo ya grafiti, si waya wa platinamu. Waya wa platinamu huyeyuka kidogo kidogo na kwenda kujipandikiza kwenye kile unachokipima, na wewe unashangilia kichocheo chako. Nilijisifu kwa tahadhari hii.

25 Machi

Tumeunguza gramu 2. Kosa ni langu. Niliacha tanuri usiku, mtungi wa argoni ukionyesha kwamba umebaki wa kutosha, bila kupaka povu la sabuni kwenye kiungo cha regyuleta kama ninavyowaagiza wengine. Kiungo kilikuwa kinavuja. Gesi iliisha wakati tanuri lina joto kali, na kile kichupa cha viputo kwenye mdomo wa kutolea kilikuwa kimekauka, kwa hiyo hewa ikaingia bila hodi.

Asubuhi nilivuta kile kimtumbwi cha kauri nikitegemea unga mweusi. Hakukuwa na cheusi. Chini kabisa kulikuwa na vumbi jepesi, jekundu la kahawia, rangi ya barabara ya vumbi ya Moshi vijijini.

Mzee aliinama akatazama. "Hii ni kutu," akasema.

Kaboni ikiungua inakuwa hewa ukaa na kuondoka yote. Haiachi kutu. Nimekaa kwenye stuli nikitazama kile kimtumbwi kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

27 Machi

Tumepima kwa makusudi safari hii, ndani ya kibakuli cha kauri, nyuzi 850, hewa wazi. Nanotyubu za chupani, gramu 0.500, zimeacha majivu ya gramu 0.031. Zilizopita kwenye asidi, gramu 0.500, zimeacha 0.012. Tukiyachukulia majivu yote kuwa Fe₂O₃, yaani kutu, chuma chenyewe ni asilimia 4.3 kabla ya asidi na 1.7 baada yake.

Kisha lile jaribio la sekondari. Majivu kwenye HCl (asidi ya hidrokloriki) ya moto (yalikuwa mabishi, yalichukua karibu saa mbili kuyeyuka), tone la potasiamu thayosayaneti, na maji yakawa mekundu kama damu, dalili ya chuma. Nililifanya mara ya mwisho kidato cha sita.

Kinachotokea ni hiki. Nanotyubu nyingi za biashara huoteshwa kwa kupitisha gesi yenye kaboni juu ya chembe za chuma, kobalti au nikeli kwenye joto la mamia ya nyuzi. Chembe ndiyo mbegu. Mrija ukishaota, mbegu inabaki, imefunikwa na tabaka za grafiti kama kokwa ndani ya embe. Asidi inakula chuma kilicho wazi. Cha ndani ya kokwa haikifikii. Lebo ya chupa inasema usafi wa asilimia 95, nami niliisoma kwa moyo mweupe, sikujiuliza hizo tano nyingine ni za nani.

Halafu nikachukua nanotyubu zenye chuma, nikatia naitrojeni, nikapika kwa nyuzi 800. Hiyo ni karibu sawa na mapishi ya ukoo mwingine kabisa wa vichocheo, ule wa chuma na naitrojeni ndani ya kaboni, ambao watu wamekuwa wakiujenga kwa makusudi tangu Jasinski alipoonyesha mwaka 1964 kwamba kobalti fthalosayanini inaisaidia oksijeni kupokea elektroni. Kundi la Dodelet kule Kanada lilichapisha toleo lake la chuma mwaka 2009, mwaka ule ule wa makala ya Dai. Na ubishi huu wa mabaki ya metali si mpya. Martin Pumera na wengine wameshaandika mara nyingi kwamba vichocheo vinavyoitwa havina metali huenda vinayo, tena kwa kiasi kidogo tu kinachotosha kuharibu hitimisho lote. Nilikuwa nimezisoma makala hizo. Niliziweka kwenye folda ya mambo ya watu wengine.

Nilifunga mlango wa platinamu na kujipongeza, kumbe chuma kimeshalala ndani.

8 Aprili

Tumerudi baada ya Idi. Mpango wa usafi: nyuzi 400 hewani kwa dakika 40 ili kupasua maganda yaliyofunika chuma, kisha HCl ya moto usiku kucha, kisha kuosha. Rudia. Wenye tanuri la nyuzi 2,500 na zaidi huvukiza chuma chote kwa mkupuo mmoja, sisi hatuna.

Baada ya mizunguko miwili, gramu 10 zimekuwa 6.1. Inauma. Majivu ya gramu 0.500 sasa ni gramu 0.002, na mizani yetu inaanza kuyumba kwenye tarakimu hiyo. Chuma asilimia 0.3, kwa kukadiria. Rangi ya thayosayaneti imetoka kwenye damu ikawa waridi hafifu.

16 Aprili

Naitrojeni tena, argoni tena, povu la sabuni kwenye kila kiungo. Tando tatu, vipimo vitatu. Volti ya nusu mkondo: 0.74, 0.74, 0.73.

Kutoka 0.80. Ile ahadi ya alama tatu za mshangao, sehemu kubwa ilikuwa ya chuma. Dokta amejibu ujumbe wangu wa Machi leo, kwa neno moja: "Afadhali." Nimeamua kulichukulia kama pongezi.

24 Aprili

Kobalti. Tunafuata mapishi ya Hongjie Dai na kundi lake: asetati ya kobalti kwenye ethanoli, nanotyubu, amonia, nyuzi 80 kwa saa 10 huku ikikorogwa, kisha ndani ya chungu cha shinikizo chenye kikombe cha Teflon, nyuzi 150 kwa saa 3. Mwaka 2011 walifanya hivyo juu ya grafini, 2012 juu ya nanotyubu.

Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, Kolwezi na maeneo yale ya Katanga, ambako mchimbaji anazungumza Kiswahili. Chupa yetu ya asetati imetoka Ulaya. Mzigo umezunguka dunia nusu ili ufike jirani.

Umeme umekatika saa ya saba ya zile kumi. Jenereta inahudumia majokofu tu. Joto lilishuka hadi nyuzi 50 kwa saa moja na dakika arobaini. Nimeweka alama ya X kwenye chupa hiyo, na kesho naanza nyingine. Sikuitupa.

6 Mei

Vipimo vya eksirei vimerudi kutoka kwa wenzetu. Kilele kikubwa kwenye digrii 36.9, ndiyo Co₃O₄, oksidi yetu ya kobalti. Ukubwa wa chembe kwa upana wa kilele: takriban nanomita 6 kwa bechi nzuri, 9 kwa bechi ya X. Kukatika kwa umeme kumeandikwa ndani ya fuwele.

Kupokea oksijeni: volti 0.82 juu ya nanotyubu safi, 0.83 juu ya zile zenye chuma. Tofauti imeyeyuka. Kobalti ikishakaa, mchango wa chuma hauonekani sana, na hilo linanituliza kidogo.

Sasa upande wa pili. Betri ya kuchajiwa inahitaji elektrodi irudishe oksijeni hewani. Kipimo chetu ni volti inayohitajika kupata miliampia 10 kwa sentimita ya mraba. Siku ya kwanza 1.62. Nikaiacha usiku, volti ikipandishwa na kushushwa mara 200. Asubuhi: 1.57. Imeboreka!

Nimeandika pembeni: "Je, kichocheo kinajiandaa chenyewe?" Nimekiwekea na mshale.

9 Mei

Dokta ameketi na grafu yangu kwa dakika kama kumi bila kusema kitu, kalamu mdomoni.

"Hivi wewe, daladala ikipiga trip mia mbili inarudi mpya?"

"Hapana, Dokta."

"Sasa hiki chako kimepata wapi nguvu?"

Nikaanza kueleza habari za uso wa kobalti kubadilika. Ni kweli unabadilika. Akanisubiri nimalize, kisha akanyoosha kalamu kuelekea chupa ya KOH.

Chuma tena. KOH ya maabara, hata yenye lebo nzuri, ina chembechembe za chuma, chini ya sehemu moja kwa milioni. Dennis Corrigan alishaonyesha mwaka 1987 kwamba kiasi hicho kinatosha kubadilisha kabisa tabia ya elektrodi ya nikeli inapotoa oksijeni. Mwaka 2014 kundi la Shannon Boettcher kule Oregon lilifuta ubishi uliobaki: sifa nyingi zilizopewa nikeli kwa miongo zilikuwa za chuma kilichonyonywa kutoka kwenye KOH. Kobalti nayo ina ulevi huo huo. Elektrodi yangu ilikuwa inakunywa chuma usiku kucha.

Nimeufuta ule mshale.

15 Mei

Kusafisha KOH, na hili nalielezea taratibu maana ni rahisi na watu wanaliruka. Chukua nitrati safi ya nikeli, itie kwenye KOH kidogo, upate tope la kijani la haidroksaidi ya nikeli. Lioshe mara tatu. Kisha mimina juu yake ile KOH unayotaka kuitumia, tikisa, acha saa kadhaa, tikisa tena, acha itulie usiku. Tope linakamata chuma. Asubuhi unamimina maji ya juu bila kugusa tope. Yote haya ndani ya chupa za plastiki, kamwe si kioo, kwa sababu KOH inakula kioo na inatoka humo na takataka zake. Nilikuwa naiweka kwenye flaski za kioo tangu Machi.

Matokeo kwenye KOH iliyosafishwa: siku ya kwanza 1.63, baada ya mizunguko 200, 1.64. Haiboreki. Inachoka kidogo kidogo kama kitu chochote cha halali.

26 Mei

Betri ya kwanza. Kisanduku cha plastiki ngumu kilichotobolewa dirisha la sentimita 2 kwa 2, karatasi ya kaboni iliyopakwa Teflon upande wa hewa na kichocheo upande wa maji, KOH ya moli 6 kwa lita yenye asetati ya zinki kidogo ndani yake. Zinki ya majaribio tumeichana kutoka gamba la betri kubwa za redio, zile ambazo Wakenya huziita mawe. Ya kweli itakuwa bamba safi, lakini Mzee alikuwa amezihifadhi hizo za redio tangu zamani na asingekubali nizipite.

Volti ikiwa wazi: 1.38. Ikitoa miliampia 10 kwa sentimita ya mraba: 1.19. Ikichajiwa kwa mkondo huo huo: 2.00. Yaani unarudishiwa chini kidogo ya asilimia 60 ya ulichoweka, ukihesabu volti tu. Taa ndogo ya LED haiwaki kwa seli moja. Kwa mbili zilizounganishwa imewaka, nyekundu, na fundi wa maabara ya jirani akaja kuchungulia.

Jambo ambalo vitabu vya nchi baridi havilipi uzito: unyevu. Hewa ya Dar msimu huu wa masika ni nzito, na KOH inakunywa maji kutoka hewani. Baada ya siku mbili upande wa hewa wa elektrodi ulikuwa na matone, kama glasi ya maji ya barafu mezani. Matundu yakijaa maji, oksijeni haipiti. Tumeongeza Teflon. Chumvi nyeupe ya kabonati nayo imeanza kuchomoza pembeni, hiyo ni hewa ukaa ikiingia kwenye potashi, tutaishughulikia baadaye.

2 Juni

Saa 60 za kuchaji na kutoa. Volti ya kuchaji imepanda kutoka 2.00 hadi 2.17. Nimefungua kisanduku nikitegemea kuona zinki imeota miiba, na kweli imeota, ina manyoya kama ukoga. Lakini macho yalienda kwenye maji. KOH, ambayo niliitia ikiwa kama maji ya bomba, ilikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Nilitia kwenye bika nikaishika mbele ya dirisha. Hudhurungi, angavu, hakuna chembe zinazoelea. Hiyo ni kaboni iliyooksidishwa, imeyeyuka ndani ya alkali. Nanotyubu zetu.

Kwa thermodinamiki kaboni iko tayari kugeuka hewa ukaa kuanzia volti 0.207 tu. Inachelewa kwa sababu mwitikio ni wa polepole sana, na nanotyubu zinachelewa kuliko kaboni nyeusi ya kawaida, ndiyo sababu tunazipenda. Lakini kila tunapochaji tunaipandisha elektrodi juu ya volti 1.6, saa baada ya saa. Sehemu ya mkondo niliyokuwa naihesabu kama oksijeni inayotoka ilikuwa mirija inayoungua. Ni lile tukio la tanuri tena, kwa mwendo wa kinyonga.

5 Juni

Kikao kifupi, Dokta, Mzee na mimi. Nimependekeza tuache kuilazimisha elektrodi moja ifanye kazi mbili. Hongjie Dai na kundi lake walifanya hivyo mwaka 2013: elektrodi tatu. Zinki katikati. Upande mmoja elektrodi ya hewa ya kutoa umeme, kobalti juu ya nanotyubu, ambayo haitaguswa wakati wa kuchaji. Upande wa pili elektrodi ya kuchaji peke yake. Wao upande huo walitumia haidroksaidi ya tabaka ya nikeli na chuma, pia juu ya nanotyubu. Mimi nanotyubu naziondoa huko kabisa: wavu wa nikeli, na kichocheo kioteshwe moja kwa moja juu yake. Gharama yake ni kisanduku kikubwa zaidi na swichi moja. Dokta alitaka kujua uzito utaongezeka kiasi gani. Sina namba bado.

Mzee alikuwa amesimama karibu na mizani wakati napima. Nitrati ya nikeli, kisha nitrati ya chuma, tatu kwa moja. Akasoma lebo ya chupa ya pili kwa sauti, herufi kwa herufi.

"Si ndicho hiki tulichokuwa tunakifukuza tangu Ramadhani?"

"Ndicho, Mzee."

Akatikisa kichwa, akanishikia kijiko cha plastiki. Nikaongeza urea, maji, nikazamisha wavu. Chungu kimeingia oveni saa tisa na robo alasiri, nyuzi 120, saa 12. Kesho asubuhi tunafungua, umeme ukikubali.